Taa ya Nje na Wadudu wa Msimu wa Mvua

Toleo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka liwafike nyumbani: wadudu wanaokuja kwenye taa ya nje wakati wa mvua.

Hebu tuwaze asubuhi moja katika zahanati ya kijiji. Mvua imenyesha wiki nzima. Mama anaingia na mtoto wa miaka minane. Jicho moja limevimba mpaka limefumba, na shavuni kuna mstari mwekundu wenye malengelenge, kama mtu aliyeguswa na waya wa moto.

"Dada, huyu mtoto ameng'atwa na mdudu usiku," mama anasema.

"Hakung'atwa, mama," muuguzi anajibu. "Jana usiku alikuwa amekaa wapi?"

"Alikuwa nje chini ya taa ya sola, anasoma."

"Basi mdudu alimtua shingoni au shavuni, naye akampangusa kwa mkono. Halafu akafikicha jicho kwa mkono uleule."

Mama anashangaa. Taa aliinunua kwa pesa za kikundi ili mtoto asome, na kumbe taa hiyohiyo ndiyo imemletea mgeni mbaya. Je, aizime kabisa warudi kwenye koroboi? Hapana. Taa ni baraka. Shida ni kwamba tumejifunza kuiwasha, lakini hatujajifunza kuiweka.

TAA ZIMEKUWA NYINGI

Wazee wanakumbuka zamani kwamba usiku wa Garissa ulikuwa na koroboi, taa ya chemni, na kwa wachache karabai siku ya harusi. Siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka 2019 mtambo mkubwa wa umeme wa jua wenye uwezo wa megawati 50 hivi ulizinduliwa karibu na mji wa Garissa. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Kule ambako nyaya hazijafika, watu wamejinunulia taa ndogo za sola. Sasa kuna taa mbele ya duka, taa kwa wauza miraa, taa kwenye duksi ambako watoto wanasoma, taa kwenye zizi la mbuzi kumtisha fisi, na taa uani ambako familia hukaa kwa sababu ndani kuna joto.

Wakati wa kiangazi hatuoni shida kubwa. Lakini mvua ya Gu au ya Deyr ikishuka, usiku wa pili tu utaona kumbikumbi, nondo, nyenje na mbawakawa wamejaa kwenye balbu. Wanaanguka kwenye chai na kwenye sufuria. Vyura na mijusi huja kuwala, na nyoka naye huja kuwatafuta vyura. Nge naye hatabaki nyuma. Kwa hiyo taa iliyowekwa vibaya haileti wadudu peke yao. Inaita na wale wanaowafuata.

KWA NINI MDUDU HUFUATA TAA?

Watu wengi husema mdudu anapenda mwanga, au anadhani taa ni mwezi. Mwanzoni mwa 2024 watafiti wa Uingereza na Marekani walitoa maelezo mengine baada ya kuwapiga wadudu picha kwa kamera za kasi sana. Waliona kwamba mdudu anayeruka usiku hugeuza mgongo wake kuelekea upande wenye mwanga zaidi.

Tangu dunia iumbwe, upande wenye mwanga usiku ni mbinguni. Kwa hiyo mdudu akiuelekeza mgongo kwenye mwanga, anajua hapa ni juu na hapa ni chini, naye huruka sawasawa. Sasa wewe umemwekea taa ubavuni. Anageuza mgongo kwenye taa, anapinda, anazunguka, anageuza tena, anazunguka tena. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi: anatembea siku nzima lakini haendi popote. Na taa ikiwa chini ikimulika juu, mdudu hupinduka na kuanguka chini.

Kutokana na hayo tunapata mafunzo matatu. Kwanza, mdudu hakuja kukutafuta wewe, amenaswa. Pili, taa inayomulika kila upande na kuelekea juu hunasa wengi. Tatu, ukiiondoa taa au ukiihamisha, na wadudu watahama. Wewe ndiwe unayeamua wakae wapi.

WANAOFUATA TAA NA WANAOFUATA MTU

Hapa tuelewane vizuri, maana kosa la hapa linaweza kugharimu maisha. Wadudu wa usiku tuwagawe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni wale wanaofuata taa: nondo, kumbikumbi, nyenje, na mbawakawa wa kila namna. Hawa tunaweza kuwapunguza kwa kuitumia taa vizuri.

Fungu la pili ni wale wanaofuata mtu na mifugo. Mbu ndiye mkubwa wao. Mbu wa malaria anakutafuta kwa pumzi unayoitoa, kwa harufu ya mwili na kwa joto lako. Atakupata hata gizani. Mbu wa homa ya dengi na chikungunya, magonjwa yaliyolipuka Mandera mwaka 2011 na 2016, huuma hasa mchana, wakati hakuna taa iliyowashwa. Kwa hiyo usijidanganye kwamba ukizima taa umemaliza mbu, wala usidhani kwamba wadudu wakipungua kwenye balbu basi unaweza kulala bila neti.

Mkoa wetu umelipa gharama ya mbu. Baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, Wajir ilipata mlipuko mkali wa malaria. Wakati huohuo homa ya Bonde la Ufa, ambayo huenezwa na mbu na pia kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa, iliingia Garissa. Watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 hivi waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake. Ikarudi tena mwishoni mwa 2006. Dawa ya jambo hilo ni neti yenye dawa, kufunika mitungi ya maji, kuchanja mifugo kabla ya mvua na kumwita daktari wa mifugo mapema. Taa haimo.

Katikati ya mafungu hayo kuna usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayeeneza kala-azar huko Wajir, Mandera na Marsabit. Huyu hujificha ndani ya vichuguu na nyufa zenye unyevu, naye huvutwa na mtu na pia na taa. Basi usitundike taa kati ya kichuguu na mahali mnapolala.

MGENI MWEKUNDU NA MWEUSI

Sasa turudi kwa yule mtoto. Mdudu aliyemuunguza ni yule anayejulikana nchini kote kama Nairobi fly, yaani inzi wa Nairobi. Jina hilo linadanganya. Si inzi, ni mbawakawa mdogo, tena hakai Nairobi peke yake. Urefu wake ni kama punje ya mchele. Kichwa ni cheusi, kifua rangi ya chungwa, mabawa yake ni mafupi, meusi yanayong'aa kibuluu, na tumbo ni rangi ya chungwa lenye ncha nyeusi. Akisumbuliwa huinua tumbo juu kama nge. Kwa sababu hiyo watu hudhani anauma kwa mkia. Haumi na hachomi.

Sumu yake iko ndani ya damu yake, nayo huitwa pederini. Haikupati mpaka umponde. Ukimpiga kofi shingoni, umejipaka sumu mwenyewe. Tena huwezi kusikia lolote wakati ule. Ngozi huanza kuwaka baada ya siku moja au mbili, halafu hutoa malengelenge, mara nyingi kwa mstari, kwa kuwa mkono ulipangusa kwa mstari. Wengine hudhani ni mkanda wa jeshi au wamemwagikiwa na maji ya moto. Kwa kawaida hupona kwa wiki moja hadi tatu, lakini ikiingia jichoni maumivu yake si mchezo.

Mdudu huyu huzaliana kwenye udongo wenye unyevu na majani yanayooza, kwa hiyo huongezeka baada ya mvua na mafuriko. Baada ya El Niño ya 1997 na 1998 alionekana kwa wingi sana nchini Kenya. Tana ilifurika tena mwishoni mwa 2023 na katika Aprili na Mei 2024, na kila maji yanaporudi mtoni huacha udongo wa namna anayoipenda. Naye huvutwa sana na mwanga mweupe mkali.

Lakini mkulima asimchukie kabisa. Shambani mdudu huyu hula wadudu wadogo wanaoharibu mimea. Huko ni mfanyakazi wako asiyedai mshahara. Tunachotaka ni abaki shambani, asije kwenye meza ya chakula.

Akikutua, fanya hivi:

1. Usimpige. Mpulize kwa mdomo, au mwekee kipande cha karatasi apande, umtupe mbali.
2. Ukiwa umeshamponda, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji. Hata kikombe kimoja cha maji na sabuni ni bora kuliko kungoja. Osha na mikono, na nguo iliyoguswa pia.
3. Usiguse macho kabla ya kunawa. Kama sumu imeingia jichoni, lisafishe kwa maji mengi safi na uende zahanati.
4. Ngozi ikishaanza kuwaka, weka kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji baridi. Usitumbue malengelenge. Usipake mafuta ya taa, dawa ya meno wala jivu.

NJIA SITA ZA KUPUNGUZA WADUDU KWENYE TAA

Njia hizi hazihitaji pesa nyingi. Zijaribu moja moja mpaka uone ipi inafaa boma lako.

1. Zima usiyoitumia. Hii ndiyo njia kubwa kuliko zote, na ni ya bure. Kumbikumbi hasa hutoka kwa kishindo kwa muda mfupi baada ya mvua. Zima taa ya nje kwa saa moja hivi, uone jinsi watakavyotawanyika. Tena betri ya sola itadumu mpaka alfajiri.

2. Ihamishe kutoka mlangoni. Watu wengi hutundika taa juu kabisa ya mlango. Hapo kila mlango ukifunguliwa, wadudu wanaingia ndani. Itundike kwenye mti au nguzo hatua kumi au kumi na tano kutoka nyumbani, uielekeze mlangoni. Mlango utauona, lakini wadudu watabaki kule kwenye nguzo. Msile wala msilaze watoto chini ya taa hiyo.

3. Ifunike juu na kando. Kata kopo la bati la mafuta ya kupikia, ulifanye kofia ya taa ili mwanga uende chini tu. Mdudu anayepita mbali hataiona balbu. Ikunje ile kingo ya bati isije ikakata watoto.

4. Badilisha rangi. Macho ya wadudu wengi huona sana rangi ya buluu, urujuani na mwanga mwingine ambao sisi hatuuoni kabisa. Rangi ya njano hawaioni vizuri. Ukienda dukani, usiangalie bei tu. Tazama boksi la balbu: kuna namba yenye herufi K mbele yake. Balbu ya 6500K ni nyeupe ya kibuluu, huita wengi. Ya 2700K ni ya njano, huita wachache. Ikiwa taa yako ya sola ni nyeupe na huwezi kununua nyingine, izungushie karatasi ya plastiki ya njano. Hiyo ni kwa taa ya sola isiyopata moto tu. Kwenye koroboi, chemni au karabai utachoma nyumba. Na mjue hivi: taa ya njano haimfukuzi mdudu, ila haimwiti sana.

5. Weka beseni la mtego. Chini ya ile taa ya mbali, weka beseni la maji yenye sabuni kidogo. Mdudu akianguka, sabuni humzuia asielee, naye huzama. Bila sabuni wengi hutembea juu ya maji na kuondoka. Maji ya kufulia nguo yanatosha, usipoteze maji safi. Asubuhi yamwage mbali kwa kijiti au koleo, bila kutia mkono, kwa kuwa huenda yule mwekundu na mweusi yumo. Anayetaka kumbikumbi kwa ajili ya kuku aweke beseni kavu lenye kuta laini, achague kumbikumbi tu. Na beseni la maji lisikae siku nyingi, litazalisha mbu.

6. Safisha pembeni ya nyumba. Fyeka nyasi, ondoa majani yaliyooza, fukia madimbwi madogo. Ziba nyufa za mlango na dirisha kwa kitambaa. Kama taa iko ndani, shusha pazia kabla ya kuiwasha. Kung'uta mkeka, shuka na neti kabla ya kulala.

MAMBO YA KUEPUKA

Kuna watu ambao wadudu wakiwazidi huchukua dawa ya kuogeshea mifugo, au dawa ya shamba, na kunyunyiza ukutani na chini ya taa. Tafadhali, msifanye hivyo. Dawa ile imetengenezwa kwa kupe au kwa mimea. Watoto hucheza mahali palepale, kuku hudonoa, na mtungi wa maji uko karibu. Tena haina faida, maana kesho usiku taa itaita wengine.

Wengine hufukiza ubani au majani. Moshi huweza kuwasumbua wadudu kidogo, lakini ukiwa ndani ya nyumba iliyofungwa huumiza kifua cha mtoto na cha mama mjamzito. Fukiza nje kama ni desturi yenu, ila usiufanye moshi kuwa badala ya neti.

Halafu kuna zile taa za buluu za umeme zinazoua wadudu kwa mlio. Utaziona kwenye mahoteli na maduka ya nyama. Zinapendeza kwa sababu unasikia kazi ikifanyika. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 1996 kutoka Delaware, Marekani, ulihesabu wadudu 13,789 waliouawa na taa za namna hiyo kwenye nyumba za watu. Wenye kuuma watu, mbu na wenzao, walikuwa 31 tu. Waliobaki hawakuwa na kosa kwa binadamu. Pesa hizo nunua neti.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Mtu mmoja akihamisha taa yake na jirani akaacha yake inawaka mlangoni usiku kucha, wadudu watakwenda kwa jirani. Ndiyo sababu kazi hii ni ya kikundi. Tunapendekeza jaribio hili dogo. Chagueni maboma mawili ya wanachama yanayokaribiana. Kwa usiku tatu, moja liwashe taa kama kawaida mlangoni, na la pili liihamishe kwenye nguzo, liifunike kwa kopo na kuweka plastiki ya njano. Kila boma liweke beseni la maji ya sabuni chini ya taa yake. Asubuhi mtazame ni beseni gani limejaa na ni mlango gani wadudu walikuwa wachache, halafu mbadilishane kazi kwa usiku tatu nyingine. Mtaamini macho yenu wenyewe kuliko maneno yetu.

Msimsahau mwalimu wa duksi na mwalimu wa shule. Watoto wengi hukaa chini ya taa moja, na mtoto ndiye mwepesi wa kumpiga mdudu kofi. Wafundisheni neno moja tu: "Mpulize, usimponde." Na kama Ramadhani itaangukia msimu wa mvua, mikeka ya futari itandikwe kando, mbali na taa kali.

Mwenye duka naye aelezwe kwa upole. Hatumwambii akae gizani, maana mwanga ni usalama wake na wetu. Tunamwomba tu aishushe taa iangaze bidhaa zake, isiangaze mbingu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, taa za nje zimewekwa wapi? Ni zipi zilizo juu ya mlango au karibu na mahali pa kulala?
2. Ni wadudu gani tunaowaona kwenye taa baada ya mvua? Ni wangapi kati yetu tunaomtambua yule mwekundu na mweusi?
3. Je, kila mtoto mchanga na kila mama mjamzito katika kikundi hulala ndani ya neti yenye dawa?
4. Dawa za mifugo na za shamba zinawekwa wapi? Mtoto anaweza kuzifikia?
5. Ni nani atakayejitolea boma lake kwa lile jaribio la usiku tatu?

Mvua ni neema. Tunaiomba mwaka mzima, na malisho yakimea hakuna anayenung'unika. Basi ikija, taa yako ya nje iwe imeshahama mlangoni, imevaa kofia yake, na neti imetundikwa. Jioni ya leo, kabla hujaiwasha, simama uani uitazame, ujiulize: hii taa inamulika nani?